Kujifunza kuandika kwa kalamu za brashi: kabla hujanunua seti ya rangi, tafuta karatasi kwanza (Dodoma na jirani)

#1 Herufi za Makole

Wakuu, mbukwenyi.

Tangu msimu wa sendoff uanze, inboksi yangu ina swali moja tu: zile herufi nene kwa nyembamba kwenye vibao vya ukumbini naandikia kalamu gani? Anayeuliza huwa tayari ana picha ya seti ya rangi mia na kitu ameipenda mtandaoni, anachotaka ni mimi niseme "chukua". Naandika hapa mara moja, nikiulizwa tena natuma kiungo.

Seti usichukue. Anayeanza anahitaji kalamu moja nyeusi yenye ncha ndogo, ngumu kiasi, na karatasi laini. Na pesa ikibana, punguza kwenye kalamu, usipunguze kwenye karatasi.

Tuanze na namna inavyofanya kazi, maana wengi wanadhani ni kalamu ya ajabu. Ncha ya kalamu ya brashi inapinda. Ukishuka unakandamiza, ncha inalala, mstari unanenepa. Ukipanda unaachia mkono, inagusa ile ncha ya mwisho kabisa peke yake, mstari unakuwa mwembamba. Basi. Ugumu wote uko kwenye kupanda, kwa sababu mkono wa mgeni unakandamiza kote kote. Ukikandamiza huku unapanda, unaisukuma ncha kwa mbele, nyuzi zinapigana na karatasi, na hapo ndipo kalamu nyingi zinapofia.

Sasa karatasi. Ncha nyingi ni nyuzi zilizoshindiliwa pamoja, siyo manyoya. Karatasi ya fotokopi ukiipapasa unaona laini, lakini imulike na tochi ya simu kwa ubavu, taa ikiwa imelala karibu na meza. Utaona vinyweleo na vishimo. Kwa ncha ya kalamu hiyo ni msasa. Wiki chache tu kalamu mpya inaanza kufumuka, ule mstari mwembamba unakuwa na kingo chafu, na mwenye kalamu anaanza kudhani mkono wake ndio mbovu.

Watu wanachanganya uzito na ulaini. Ile namba ya gsm kwenye rimu ni gramu kwa mita moja ya mraba, haisemi lolote kuhusu uso wa karatasi. Manila ni nzito na inakwaruza usoni. Pedi za Rhodia za Ufaransa ni gsm 80 tu, sawa na rimu ya kawaida, lakini ncha inateleza juu yake kwa raha. Kwa hiyo ukifika dukani usiseme "nipe nzito". Omba karatasi moja moja za aina tofauti, weka nukta ya wino ukiachia kalamu isimame hapo ukihesabu hadi tano, halafu tazama mambo mawili: nukta imetoa vinyweleo pembeni? Wino umepenya upande wa pili? Ikiwa imebaki duara safi na nyuma kukavu, hiyo chukua.

Zinazopatikana hapa mjini bila kusumbuka:

Karatasi za printa za leza ya rangi, gsm 100 au 120. Hizi zimelainishwa zaidi ili rangi ikae vizuri. Kwa mazoezi ya kila siku ndiyo chaguo langu. Siyo kila steshenari inazo, ulizia zile zinazochapa ripoti za ofisi na tasnifu za wanachuo.

Karatasi ya kunakilia ramani, ile inayopitisha mwanga, mafundi ramani wanaiita tresingi. Laini sana, na unaiweka juu ya karatasi yenye mistari au mfano wa herufi, unafuatisha. Ubaya wake wino unachelewa kukauka, ukipitisha kiganja umeharibu.

Art pepa ya kung'aa, ya kalenda, mimi siipendi kwa mazoezi. Ncha iko salama lakini wino unaelea juu. Ile isiyong'aa ina nafuu.

Kalamu: Tombow Fudenosuke ncha ngumu, au Pentel Fude Touch ambayo ncha yake inapinda kidogo zaidi. Zote za Japani, zote ndogo, na udogo ndio unaotakiwa, kwa sababu ncha ndogo haikuruhusu kufanya makosa makubwa. Zile Tombow za ncha mbili, moja brashi ndefu na nyingine nyembamba, ni nzuri sana ila ziache kwanza. Brashi yake ni laini na ndefu, inataka mkono uliotulia.

Kama hizo hazipatikani, chukua kalamu za rangi za watoto zenye ncha ya koni. Crayola zinajulikana kwa hilo, lakini hata zisizo na jina zinaweza. Ncha haipindi sana, unailaza ubavu ukishuka na kuisimamisha ukipanda. Maka peni za ubao mweupe na zile za kudumu zenye harufu kali, hapana. Ncha haipindi, na zile za kudumu wino wake ni wa spiriti, unapenya karatasi hadi meza.

Karibuni.

#2 Mpita Njia 26

Nimekaa paleee na kahawa. Weka picha mkuu, uzi bila picha ni hotuba.

#3 Mwalimu Chekechea

Asante kwa elimu, kaka. Mimi nafundisha watoto wadogo, nina daftari za mwandiko za kutosha, zile zenye mistari ya juu, ya kati na ya chini. Naweza kufanyia mazoezi humo moja kwa moja? Mistari yake inanivutia, herufi zinakaa sawa.

#4 Herufi za Makole

Mwalimu, mistari yake ni mizuri, karatasi yake siyo. Nyingi ya daftari hizo zina karatasi nyembamba, ya kukwaruza, wino wa maji unasambaa. Fanya hivi: weka tresingi juu ya ukurasa, ubane kwa klipu, andika juu. Daftari moja linakutosha mwaka mzima kwa sababu huliandiki, unalitazama tu chini.

Au kwa mwezi wa kwanza tumia penseli humo humo. Penseli laini ya 2B inanenepa ukikandamiza na inafifia ukiachia. Siyo sawa kabisa na brashi lakini mkono unajifunza lini kukandamiza na lini kuachia, na penseli haina ncha ya kufumuka. Watoto wako watakuwa wanakushangaa mwalimu anafanya mwandiko.

#5 Mnyonge wa Nkuhungu

Samahani mkuu, hapa nakupinga. Natumia karatasi ya fotokopi ya kawaida, rimu ya bei ya chini kabisa, na kalamu yangu ina miezi mingi haijafumuka. Naona mnatishia watu na habari za Ufaransa. Kijana wa Nkuhungu ataipata wapi Rhodia?

#6 Herufi za Makole

Nimeitaja Rhodia kueleza uzito, sijasema uinunue. Ila jibu swali langu: kalamu yako ncha yake ni ya manyoya au ni kipande kimoja? Ivue kifuniko, ipake maji kidogo, ikandamize kwenye ukucha. Manyoya yakitawanyika ukaona uzi mmoja mmoja, hiyo ni brashi ya nailoni, na hiyo haiogopi karatasi ya kukwaruza.

#7 Mnyonge wa Nkuhungu

Ni manyoya. Ina tangi la wino nyuma, unaliminya.

#8 Herufi za Makole

Basi tumemaliza ugomvi. Kalamu ya manyoya inavumilia karatasi, lakini kwa anayeanza ni ngumu mara mbili, kwa sababu ncha ni laini na inapinda kwa wepesi mno. Wewe una mkono mwepesi, hongera. Usiwape wageni ushauri huo watakata tamaa siku ya pili.

#9 Mzee Rimu

Habari zenu vijana. Nimefanya kazi za uchapaji hapa mjini muda mrefu, nina machache.

La kwanza, karatasi ina pande mbili. Inapotengenezwa, majimaji ya nyuzi yanamwagwa juu ya wavu unaotembea. Upande uliolala kwenye wavu huwa unabaki na alama zake, hata usipoziona. Upande wa juu kwa kawaida ni laini zaidi. Kwenye kanga, yaani karatasi ya nje iliyofunga rimu, mara nyingi kuna mshale unaoonyesha upande wa kuchapa kwanza. Mnatupa lile kanga kabla ya kulisoma. Jaribuni nukta ya wino pande zote mbili za karatasi hiyo hiyo, wengine mtashangaa.

La pili, kuibiwa. Rimu imeandikwa 80 kumbe ndani ni 70. Hesabu ni rahisi: karatasi ya A4 ni sehemu moja ya 16 ya mita ya mraba, kwa hiyo karatasi moja ya gsm 80 ni gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ni kilo 2 na nusu. Ikiwa 70 itakuwa kilo 2 na gramu 180 hivi. Pitia kwa muuza mchele mkaipime, hatakukatalia. Pungufu ya gramu 300 mzani unaionyesha wazi.

La tatu, karatasi ya kaki. Naona kadi za kaki zimekuwa fasheni. Ile ya kahawia ngumu tunatengeneza wenyewe hapa nchini, kiwanda kiko Mgololo, Mufindi, kwa miti ya misindano. Ni karatasi imara kweli lakini imetengenezwa kwa ajili ya mifuko na vifungashio, nyuzi zake ni ndefu na ziko wazi. Kuandikia kazi ya mwisho sawa. Kuifanyia mazoezi ni kuua kalamu.

#10 Herufi za Makole

Shikamoo mzee. La mshale kwenye kanga sikulijua, nakwenda kuangalia sasa hivi.

#11 Mzee Rimu

Marahaba. Lisome.

#12 Mama Keki Area C

Jamani na karatasi ya kuokea keki? Ninayo mizinga mizima, ni laini kupita hiyo tresingi yenu na inapitisha mwanga.

#13 Herufi za Makole

Dada, hiyo imepakwa silikoni ili keki isigande, na silikoni inafukuza maji. Wino utakusanyika matone matone. Iache iendelee na kazi ya keki.

#14 Mama Keki Area C

Nimejaribu kabla sijasoma jibu lako. Matone kweli 😂

#15 Bin Kondoa

Assalaam alaykum. Sisi tuliosoma madrasa tulianza na kalamu ya tete, unaichonga mwenyewe kwa kisu, ncha unaikata mshazari. Pale mstari mnene na mwembamba haukuja kwa kukandamiza kabisa, ustadhi akikuona unakandamiza unakula kofi la mkono. Unashika pembe moja, unene unatokana na upande unaoelekea. Sasa nimejaribu hizi za brashi na kila nikigeuza mkono mambo yanaharibika. Nimekosea kununua?

#16 Herufi za Makole

Waalaykum salaam. Hujakosea, ila unatumia sheria za chombo kingine. Kwenye tete pembe ndiyo inaamua, kwenye brashi nguvu ya mkono ndiyo inaamua. Shika kalamu ikiwa imelala nusu, kama digrii 45 na karatasi, na ncha ielekee pembeni badala ya kuelekea juu ya ukurasa. Karatasi ndiyo uizungushe kidogo, siyo kiwiko. Ulichonacho wewe na sisi hatuna ni subira ya kuandika herufi moja taratibu. Vijana wengi wanaandika hizi kwa kasi ya kuandika noti za darasani. Hizi zinachorwa, kila mstari unasimama, unanyanyua kalamu, unaanza mwingine.

Na kama unapenda kazi ya pembe, usiache tete. Kuna kalamu zenye ncha bapa zinazofuata sheria zako zile zile.

#17 Kushoto Kwangu

Naandika mkono wa kushoto. Kila video naona wa kulia tu. Tunaruhusiwa au tukae pembeni?

#18 Herufi za Makole

Mnaruhusiwa. Kukandamiza ukishuka na kuachia ukipanda hakubadiliki. Tabu yako ni kiganja kupita juu ya wino mbichi. Epuka tresingi na art pepa mwanzoni, tumia ile ya leza ambayo inanywa wino haraka. Halafu ilaze karatasi upande mpaka mkono wako ukae chini ya mstari unaoandika, hata kama jirani atakuona unaandika kama unachora ramani. Hapa Dodoma una bahati, hewa kavu, wino unakauka upesi kuliko kwa mtu wa Tanga au Dar.

Ila ukavu huo huo unakula kalamu. Kifuniko kikikaa wazi wakati unaongea na simu, ncha imeanza kukauka. Funga kifuniko kila unaposimama. Zenye ncha mbili zilaze, usizisimamishe kwenye kikombe, maana wino unashuka upande mmoja. Na kuanzia Juni ule upepo ukianza, karatasi iliyolala mezani dirisha likiwa wazi inapata mchanga mwembamba ambao huuoni mpaka upitishe kidole. Futa kwa kitambaa kikavu kabla ya kuandika. Ncha ya brashi ikikokota mchanga ule, hata karatasi ya gharama haikusaidii.

#19 Bibi Harusi Mtarajiwa

Naomba nitoke nje kidogo ya mada. Nataka kuandika mwenyewe majina ya wageni kwenye kadi za mwaliko na kadi za michango zote, fundi ametaja bei nikakaa chini. Nina miezi minne. Inawezekana? Na wino upi, maana kadi zinashikwa na mikono yenye jasho, zinapita kwa wajumbe, nyingine zinarudi na chai.

#20 Herufi za Makole

Miezi minne kwa majina tu inatosha kabisa, dada. Usijifunze alfabeti nzima kwa usawa. Chukua orodha ya wageni, tazama herufi kubwa zipi zinajirudia, kwa orodha nyingi za kwetu ni A, M, N, S, J na zile za "Bw. na Bi.". Anza na hizo.

Kabla ya herufi kuna mistari ya msingi: wa kushuka mnene, wa kupanda mwembamba, kikombe cha chini, kikombe kilichofunikwa, yai, kitanzi cha juu na cha chini. Herufi "a" ni yai na kikombe. Herufi "h" ni kitanzi na kikombe kilichofunikwa. Ukiweza hiyo mistari ukiwa umefumba macho, herufi zinajijenga zenyewe. Kwa kalamu ndogo fanya urefu wa mwili wa herufi milimita 5 hadi 8. Wengi wanaandika kubwa mno kwa ncha ndogo, herufi zinakonda.

Kuhusu wino: rangi nyingi za maji, zikiwemo zile Tombow za ncha mbili, zinayeyuka zikikutana na maji. Ndiyo maana wachoraji wanazipenda, zinachanganyika. Kwa kadi zako sitazitumia. Faber-Castell wana Pitt yenye ncha ya brashi, wino wake ni wa Kihindi wenye pigimenti, yaani chembe za rangi zisizoyeyuka, ukikauka hautoki kwa maji. Jaribu kwenye kadi moja iliyoharibika, acha ikauke vizuri, dondoshea chai yenyewe, usisubiri mjumbe akufanyie jaribio.

Kama bado mkono hautulii ikifika wiki za mwisho, kuna njia ya mlango wa nyuma. Andika jina kwa peni nyembamba ya kawaida, halafu kila mstari wa kushuka uchoree mstari wa pili pembeni, jaza katikati. Wageni hawatajua.

#21 Mnyonge wa Nkuhungu

Hiyo ya mlango wa nyuma ungeitaja post ya kwanza watu wasingenunua kitu 😂

#22 Herufi za Makole

Ndiyo maana nimeiweka post ya ishirini.

#23 Mtaa wa Kikuyu

Kwa wanaoagiza Dar: mimi nilitumiwa kwa basi kalamu zilizoandikwa jina kubwa, boksi limenyooka, zilipofika ncha ni sponji. Ukikandamiza haijirudi, inabaki imelala. Muuzaji simu haipokelewi. Sasa kabla ya kulipa namwambia anirekodie video fupi akikandamiza ncha kwenye karatasi na kuiachia. Ncha halisi inaruka kurudi. Akikataa kurekodi, nimeshapata jibu. Na agiza moja kwanza, siyo kumi.

#24 Herufi za Makole

Ushauri huu uwekwe juu kabisa ya uzi.

#25 Mwalimu Chekechea

Swali la mwisho kwangu. Mistari ya kuongozea nikichapisha steshenari, juu yake nikaandika kwa wino wa maji, haitachafuka?

#26 Herufi za Makole

Uliza kama printa ni ya leza. Ya leza inayeyusha unga juu ya karatasi, maji hayaugusi. Ya wino wa maji inaweza kuchanganyika na kalamu yako na kukuachia kijivujivu kila unapopita mstari. Na mwambie achapishe mistari kwa kijivu hafifu, nyeusi inapigana na herufi jicho linachoka.

#27 Bin Kondoa

Hizi karatasi za leza nzito, kuna anayeuza chini ya rimu? Mimi nataka thelathini tu za kujaribia.

#28 Mzee Rimu

Kanunue kwa wachapaji badala ya madukani. Tukikata kalenda na vipeperushi tunabaki na vipande vya pembeni, vya upana wa kiganja na zaidi, karatasi nzuri kuliko mnayoinunua. Wengi wetu tunavitoa kwa bei ya soda, na ukijulikana unapewa bure. Muulize fundi wa mashine ya kukatia, siyo wa kaunta, wa kaunta hajui kilichopo sakafuni. Nenda asubuhi, maana mchana wauza karanga wanakuwa wameshavipitia.